UKIMYA WA MTOTO MCHANGA USITUHADAE

Katika miji na vijiji vya pwani yetu ya kaskazini, tangu Moa hadi Pangani, mtoto mchanga asiyelia husifiwa. Wageni wanaokuja kumpa mzazi hongera huelezwa kwamba mtoto huyu hana taabu: akilazwa hulala, akiamshwa hunyonya kidogo akalala tena, na usiku kucha majirani hawajui kama nyumba ina mtoto. Mama hupongezwa, na bibi humshukuru Mungu. Mara nyingi sifa hizo ni za haki, kwa kuwa wako watoto wengi wenye afya njema ambao ni watulivu kwa maumbile yao. Lakini wako wachache ambao utulivu wao ni dalili ya maradhi, na kwa hao kila wiki inayopita katika sifa ni wiki iliyopotea.

Maradhi tunayoyasema ni upungufu wa homoni ya tezi tangu kuzaliwa. Tezi yenyewe, ambayo wataalamu huiita thairoidi, ni kiungo kidogo kilicho mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni iitwayo thairoksini, ambayo huongoza joto la mwili, mapigo ya moyo, usagaji wa chakula na ukuaji wa mifupa. Kwa mtoto mchanga homoni hiyo ina kazi kubwa kuliko zote hizo, nayo ni kuujenga ubongo.

Mtu mzima akipungukiwa na homoni hii huchoka, huhisi baridi na mawazo yake huwa mazito; akipewa dawa, kwa kawaida hurudia hali yake. Mtoto mchanga hana bahati hiyo. Ubongo wake unajengwa kwa kasi katika miezi ya mwanzo ya maisha, na sehemu iliyokosa kujengwa kwa wakati wake haijengwi tena kwa ukamilifu, hata dawa ikija baadaye kwa wingi. Mtoto aliyeanza kutibiwa katika wiki 2 za mwanzo anaweza kukua, kusoma na kufanya kazi kama wenzake. Yule aliyechelewa kwa miezi mingi hubaki na ulemavu wa akili na umbo fupi maisha yake yote. Ni nadra katika elimu ya uganga kukuta ulemavu mkubwa kiasi hiki unaozuilika kwa kidonge kidogo kiasi hiki.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba maradhi haya yana vyanzo zaidi ya kimoja. Katika nchi ambako watu hupata madini joto ya kutosha, watoto walio wengi huugua kwa sababu tezi haikuumbika sawasawa walipokuwa tumboni: haipo kabisa, au ni ndogo mno, au imebaki mahali pasipo pake, kama vile karibu na shina la ulimi. Kwa wengine tezi ipo, lakini mtoto amerithi kasoro inayoizuia kutengeneza homoni. Hali hii huonekana zaidi katika koo ambamo ndugu wa damu huoana. Kundi la tatu ni la watoto ambao wao na mama zao wamekosa madini joto, ambayo ndiyo malighafi ya homoni yenyewe. Tezi inaweza kuwa nzima, lakini kiwanda kisicho na malighafi hakitoi bidhaa.

Katika vyanzo vyote vitatu hakuna jicho la husuda, hakuna jini, wala hakuna kosa la mama. Tunalisema hili waziwazi kwa kuwa siyo siri kwamba mtoto anapochelewa kukaa, kutembea na kusema, lawama humwangukia aliyemzaa. Wako akina mama walioachwa kwa ajili hiyo, na wako watoto waliofungiwa ndani ili wageni wasiwaone. Mama huyo anastahili kuelezwa ukweli, na ukweli ni kwamba maradhi ya mtoto wake yana jina, yana kipimo na yana dawa.

Sasa tuzitazame dalili. Mtoto mwenye upungufu huu hulala kupita kiasi na huhitaji kuamshwa ili anyonye. Akinyonya huchoka mapema, au hukabwa. Kilio chake ni cha nadra, na sauti yake ni nzito yenye mkwaruzo. Hufunga choo. Ngozi yake ni kavu na ya baridi, hata katika joto la Tanga la mwezi wa Februari, na pengine ina mabaka mabaka. Uso umevimba kidogo, ulimi ni mkubwa na hutokeza nje ya midomo, tumbo limejaa na kitovu kimetokeza kwa ngiri. Viungo vimelegea. Utosi wa nyuma, ambao kwa kawaida ni mdogo kiasi cha ncha ya kidole, uko wazi kuliko inavyostahili. Na dalili iliyo nyepesi kuliko zote kuiona ni umanjano wa macho na ngozi unaoendelea baada ya wiki 2. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi, umanjano hutafutwa katika weupe wa macho na katika ufizi.

Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Watoto wengi wana ngiri ya kitovu na hawana maradhi yoyote, na umanjano wa siku chache za mwanzo ni jambo la kawaida. Aidha, umanjano unaoendelea unaweza kuwa na sababu nyingine zinazohitaji daktari haraka. Lakini dalili mbili au tatu zikikutana kwa mtoto mmoja, kama vile usingizi mwingi, choo kigumu na umanjano usiokwisha, hakuna sababu ya kungoja. Mtoto apelekwe hospitali akapimwe damu.

Hapa ndipo ugumu wa maradhi haya unapoanza. Wakati wa kuzaliwa, watoto walio wengi kati ya hawa hawaonyeshi dalili yoyote. Sehemu ya homoni ya mama hupita katika kondo la nyuma na kumfaa mtoto akiwa tumboni, kwa hiyo huzaliwa na uzito mzuri, mara nyingine baada ya tarehe yake kupita, na mkunga humwandika kuwa ni mzima. Akiba hiyo ya mama huisha polepole, na dalili hujitokeza moja moja katika wiki na miezi inayofuata. Uzoefu wa nchi zinazopima watoto wote unaonyesha kwamba katika kila watoto 100 wenye maradhi haya, wanaoweza kutambuliwa kwa macho katika siku za mwanzo ni wachache, pengine 5 hadi 10. Hata daktari bingwa hupitwa.

Katika pwani yetu ugumu huo huongezwa na kalenda. Desturi ya arobaini ni njema. Humpa mzazi mapumziko, chakula cha moto na msaada wa wanawake wenzake, na sisi hatuandiki hapa kuipinga. Lakini katika siku hizo 40 mtoto hukaa ndani, mara nyingi katika chumba chenye mwanga hafifu, ambamo umanjano wa macho hauonekani hata kwa mtu anayeutafuta. Chanjo zinazofuata zile za kuzaliwa huanza wiki ya 6, yaani siku ya 42. Mwongozo wa afya unataka mama na mtoto waonwe na mhudumu mapema zaidi, katika siku za mwanzo na tena kabla ya wiki hizo 6 kutimia, lakini wazazi wengi huihesabu safari ya chanjo kuwa ndiyo ya lazima. Hivyo arobaini na chanjo, kalenda ya nyumbani na kalenda ya kliniki, zinakutana karibu siku moja. Na kwa mtoto asiye na homoni, siku hiyo imechelewa kwa mwezi mzima.

Nchi nyingine zimelitatuaje jambo hili? Dawa yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mgonjwa mtu mzima kwa dawa iliyotengenezwa kutokana na tezi ya kondoo. Mwaka 1914 Edward Kendall wa Marekani aliitenga homoni yenyewe, na tangu mwaka 1927 wanasayansi wameweza kuitengeneza maabara. Kilichokosekana kwa miaka mingi kilikuwa njia ya kumtambua mtoto kabla dalili hazijatokea. Njia hiyo ilipatikana katika jimbo la Québec, Kanada, mwaka 1974, ambako Jean Dussault na wenzake walianza kupima homoni katika tone la damu lililochukuliwa kwenye kisigino cha mtoto na kukaushwa juu ya karatasi. Katika miaka michache utaratibu huo ulienea Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Japani, na leo katika nchi hizo mlemavu wa akili kwa sababu hii amekuwa mtu adimu sana.

Lakini dunia haikugawana sawa faida hiyo. Mwaka 2014 wataalamu walikadiria kwamba zaidi ya theluthi mbili ya watoto wanaozaliwa duniani huzaliwa mahali ambapo kipimo hiki hakifanywi, na sehemu kubwa ya Afrika imo katika hesabu hiyo. Hapa kwetu pia kipimo cha kila mtoto mchanga hakijawa utaratibu wa kawaida wa vituo vya afya. Kwa sababu hatupimi, hatuhesabu. Na kwa sababu hatuhesabu, ni rahisi kudhani kwamba tatizo halipo.

Tufanye hesabu ndogo ambayo mwalimu yeyote anaweza kuirudia ubaoni. Katika nchi zinazopima, mtoto 1 kati ya kila 2,000 hadi 4,000 hukutwa na upungufu huu. Tanzania hupata watoto wanaozidi milioni 2 kila mwaka. Tukichukua milioni 2 peke yake, na tukichukua kwamba sisi hatuna tofauti na wengine, tunapata watoto kati ya 500 na 1,000 kwa mwaka. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na kati yao milioni 2.6 walikuwa katika Mkoa wa Tanga. Sehemu ya Tanga katika hesabu hiyo ni watoto 20 hadi 40 kila mwaka. Hilo ni darasa moja. Kila mwaka mkoa huu unaweza kupoteza darasa zima la watoto ambao wangeweza kusoma, na hakuna anayegundua kwa kuwa darasa hilo halikuwahi kukaa pamoja. Mmoja yuko Korogwe, mwingine Kilindi, mwingine amefungiwa chumbani katika kijiji cha Mkinga.

Iko hoja ambayo watumishi wengi wa Serikali wataitoa, nayo si hoja ya kudharauliwa. Watasema: nchi bado inapambana na malaria, na vifo vya akina mama wakati wa kujifungua, na zahanati zisizo na wahudumu wa kutosha, je, ni haki kutumia fedha kwa maradhi ya mtoto 1 katika 3,000? Swali hilo linahitaji jibu la hesabu. Mtoto huyu asipotibiwa hafi upesi. Anaishi kwa miaka mingi akihitaji kulishwa, kuvishwa na kulindwa, na mtu mmoja wa familia, kwa kawaida mama au dada yake, anaacha shamba, biashara au shule ili amtunze. Akitibiwa, gharama yake ni kidonge kimoja kwa siku cha dawa ambayo imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na kupimwa damu mara kwa mara. Familia maskini ndiyo inayolipa gharama ya kutotibu, na hailipi mara moja. Hulipa kila siku.

Zaidi ya hayo, si kweli kwamba tunaanzia pasipo kitu. Wauguzi wetu wanajua kuchoma kisigino cha mtoto, kukinga tone la damu kwenye karatasi, kuikausha na kuituma maabara. Kwa miaka mingi wamekuwa wakifanya hivyo ili kuwatambua mapema watoto waliozaliwa na mama wenye virusi vya UKIMWI. Kati ya mwaka 2015 na 2016, watoto wachanga wapatao 4,000 walipimwa selimundu Dar es Salaam, katika mradi wa majaribio uliohusisha Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na Hospitali ya Temeke. Selimundu ni maradhi yanayoijua sana pwani hii, na kila mwenye ndugu Muheza au Pangani anaelewa tunalolisema. Karatasi moja yenye matone machache ya damu inaweza kupimwa selimundu na homoni ya tezi kwa pamoja. Mkono unaochoma, karatasi inayobeba na gari linalosafirisha ni vile vile. Kinachoongezwa ni kipimo katika maabara na uamuzi wa kukinunua.

Liko jambo moja la utendaji linalotakiwa kuangaliwa. Homoni inayoiamrisha tezi hupanda sana kwa kila mtoto mara tu anapozaliwa, hivyo damu iliyochukuliwa saa za mwanzo huweza kudanganya. Wakati unaofaa ni kuanzia siku ya 2 hadi ya 5. Mama wengi huruhusiwa kurudi nyumbani siku moja baada ya kujifungua. Kwa hiyo kipimo hiki kitafaulu tu ikiwa ile safari ya siku za mwanzo itatiliwa mkazo, au mhudumu wa afya wa kijiji atamfuata mtoto nyumbani. Na wako ndugu watakaosema kwamba ni ukatili kumchoma mtoto wa siku 3. Wahenga walikwisha kuwajibu: mchelea mwana kulia hulia yeye.

Sasa tugeukie chumvi, kwa kuwa hapa pwani ya kaskazini ina wajibu wake maalumu. Nyuma ya mikoko ya Mkinga, Tanga na Pangani yako majaruba ambamo maji ya bahari hukaushwa kwa jua, na chumvi yake huliwa hapa na kupelekwa bara. Watu wengi huamini kwamba chumvi ya bahari ina madini joto kwa asili, na kwamba anayeishi pwani na kula samaki hana haja ya chumvi iliyotiwa dawa. Imani hiyo si sahihi. Madini joto yaliyomo katika maji ya bahari ni machache mno, na maji yanapokauka sehemu ndogo sana ndiyo hubaki katika chumvi. Utafiti uliofanywa Zanzibar na wataalamu wetu mwanzoni mwa karne hii uliwakuta watoto wengi wa shule wakiwa na rovu, na hali ya Pemba ilikuwa mbaya kuliko ya Unguja, ingawa Pemba imezungukwa na bahari pande zote. Chumvi iliyokuwa ikiliwa huko haikuwa imetiwa madini joto.

Historia ya Tanzania Bara katika jambo hili inatupa moyo. Katika miaka ya 1980 watoto wengi waliopimwa katika shule za wilaya zilizoathirika walikuwa na rovu, hasa katika nyanda za juu. Wizara ya Afya na Taasisi ya Chakula na Lishe, ambayo iliundwa mwaka 1973, ziligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na tangu katikati ya miaka ya 1990 kanuni za nchi zimetaka chumvi yote ya kula itiwe madini hayo. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2004 ulikuta rovu imeshuka hadi watoto 7 katika kila 100. Haya ni mafanikio makubwa, na yalipatikana kwa kazi ya Watanzania wenyewe. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba hali haikuwa sawa kila mahali, na wazalishaji wadogo wa pwani walikuwa miongoni mwa waliobaki nyuma. Hawa hawana mashine. Wengi hunyunyizia dawa kwa bomba la mkono, ikipatikana, na chumvi ya mawe huuzwa kwa magunia bila kupimwa.

Anayetaka kujua upungufu huu unafikia wapi usipozuiwa, aangalie kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Watafiti waliofika huko katika miaka ya 1960 na 1970 walikuta rovu imeenea sana kaskazini mwa kisiwa, pamoja na watu waliodumaa mwili na akili tangu kuzaliwa. Walipotafuta kwa nini kaskazini kuliathirika kuliko kusini, waligundua kwamba pamoja na uhaba wa madini joto, ulaji wa muhogo usioandaliwa vizuri ulikuwa ukiizuia tezi kuyapokea hata yale machache yaliyopatikana. Muhogo ni chakula chetu pia, Handeni hadi baharini. Kwa kuulowesha na kuukausha vizuri kama bibi zetu walivyofanya, na kwa kutumia chumvi yenye madini joto, hatari hiyo hupungua.

Hata hivyo, ni lazima tuwe wakweli. Chumvi yenye madini joto huwakinga watoto wa kundi la tatu tulilolitaja, wale waliokosa malighafi. Haimwoti tezi mtoto aliyezaliwa bila tezi. Kwa hiyo hatuwezi kuwaambia wananchi kwamba chumvi imetosha, wala hatuwezi kuwaambia kwamba kipimo cha damu kitaondoa haja ya chumvi. Kazi zote mbili zinatakiwa kufanywa.

Walimu wana nafasi mbili katika kazi hii. Ya kwanza ni darasani. Mtoto mfupi kuliko wenzake, mwenye uso uliovimba, ngozi kavu, sauti nzito, anayesinzia na kuelewa polepole, asiitwe mjinga wala asichapwe. Mwalimu amwite mzazi na kumshauri mtoto apimwe. Dawa iliyochelewa hairudishi akili yote, lakini humrudishia mtoto nguvu, kimo na uchangamfu, na wako watoto ambao tezi zao hudhoofika baadaye, baada ya ubongo kujengwa, ambao hupona vizuri. Nafasi ya pili ni kuifundisha jamii. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, na walimu walikuwa nguzo yake. Walichimba vyoo, walifukia madimbwi. Wazee wa vijiji waliokuwa vijana wakati ule wanakumbuka bado. Somo la dalili za mtoto mchanga ni fupi kuliko masomo yale, na linaweza kufundishwa katika mikutano ya wazazi, madrasa, makanisa na vikundi vya akina mama.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa wahusika. Wizara ya Afya ianzishe kipimo cha homoni ya tezi kwa watoto wachanga, hata kama ni kwa kuanzia na hospitali za rufaa za mikoa, na Hospitali ya Bombo mjini Tanga inafaa kuwa miongoni mwa za mwanzo. Bohari ya Dawa ihakikishe kwamba vidonge vya thairoksini havikosekani, kwa kuwa mtoto aliyetambuliwa kisha akakosa dawa amefanyiwa nusu ya haki. Halmashauri za pwani, pamoja na Shirika la Viwango, ziwasaidie wazalishaji wadogo wa chumvi kupata dawa na mabomba kwa bei wanayoimudu, na baada ya msaada huo sheria ifuatwe. Wakunga na wahudumu wa vijiji wapewe orodha fupi ya dalili, na kila mtoto aonwe tena kabla ya kutimiza wiki 2.

Wazazi nao wana sehemu yao, na haihitaji fedha. Asubuhi ya siku ya 14, bibi au shangazi amtoe mtoto hadi mlangoni penye mwanga wa jua, amfunue macho na kutazama weupe wake. Aulize kama amepata choo, kama ananyonya bila kuamshwa, kama kilio chake kina sauti safi. Akitilia shaka, arobaini isimzuie; mzazi ajifunike vizuri aende hospitali na mtoto wake, kisha arudi kuendelea na mapumziko yake. Na mtoto akipewa dawa, kidonge kisagwe na kuchanganywa na maziwa ya mama au maji kidogo kama daktari alivyoelekeza, kila siku, bila kuacha kwa sababu tu mtoto ameanza kuchangamka. Kuchangamka huko ni kazi ya dawa.

Hakuna kati ya mambo haya linalozidi uwezo wa nchi yetu. Wauguzi wanajua kuchukua damu, dawa inajulikana tangu karne iliyopita, na chumvi inatoka katika majaruba yetu wenyewe. Watoto wa darasa la mwaka huu wanaendelea kuzaliwa sasa, na kila mmoja ana wiki 2. Wenye dhamana ya kuamua wafanye hivyo mapema.